Kidonda Kilichopona kwa Simu

Sisi madaktari tunaosomea upasuaji, wa Kigoma na wa ng'ambo ya ziwa, tuna mtandao wetu wa utafiti. Tuna nembo, tuna fulana, na viongozi ni wengi kuliko wagonjwa. Kila aliyepasuliwa hupigiwa simu baada ya mwezi, aulizwe kidonda kinaendeleaje. Kwingine kote vidonda vilitunga usaha. Kalemie, ng'ambo ya ziwa, hata kimoja. Viongozi wakashangilia, wakanituma nikajifunze siri.

Bandarini Kigoma nilipanda meli ya saruji. Saruji ilipewa turubai, abiria tukapewa pole. Njia nzima nilitunga hotuba ya pongezi, maana nami nimo katika upuuzi huu.

Asubuhi nilipofika Kalemie, Dokta Kasongo, mwanafunzi mwenzangu, alinipokea kifua mbele, amevaa ile fulana.

"Huku kwetu wote wanapona, dokta. Njo vile tunatumikaka." Yaani ndivyo wanavyofanya kazi.

Nikaomba kumwona mgonjwa mmoja.

Mchana tulipanda pikipiki hadi kwa Mama Zaina, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye Kasongo alimtoa kidole tumbo wiki tano nyuma. Alitukaribisha kwa viti na tabasamu. Nikauliza, kidonda je?

"Tunashukuru Mungu, baba zangu."

Kasongo akanitazama kishujaa. Lakini mama hakuweza kuinuka, na harufu ilitufikia. Tukaomba ruhusa tuone. Usaha ulikuwa umelowesha kitenge, tumbo gumu, mwili unachemka.

"Mama, kwa simu ulisema uko muzuri!" Kasongo alimaka.

"Ulinisalimia, Dokta. Muntu anakusalimia, utaanza kumulilia? Haiko heshima."

Niliona aibu. Vikao vyote vile vya kutunga maswali, na hakuna aliyekumbuka kwamba hujambo hujibiwa sijambo, hata na anayekufa!

Jioni, hospitalini, Kasongo alimfungua tena, nami nikimsaidia. Kisha tukakaa tukingoja, hatujui kama ataishi. Mama alipoomba uji, Kasongo alilia mbele ya wauguzi bila haya. Hapo ndipo nilipompenda.

Niliporudi Kigoma niliwasimulia viongozi. Wakatazama tarehe. Mwezi ulikwisha kabla hatujafunua kitenge, walisema, kwa hiyo usaha huo hauhesabiki. Mama Zaina aliandikwa amepona, na abaki amepona.

Nilichojifunza ni hiki tu: kidonda huangaliwa kwa macho. Siku hizi Kasongo huwafuata wagonjwa wake majumbani, anaona usaha, anauandika, anautibu. Viongozi wanasikitika. Wanasema upasuaji wa Kalemie umeharibika.