Meza ya Marlys

Hasira yangu na jirani yangu Dwight ni ya zamani, na sitaki mtu anitulize. Sisi tunaoishi kwenye nyumba za magurudumu, magari yenye jiko na vitanda ndani, hapa kambini kwenye jangwa la Arizona tunajuana tabia kuliko ndugu, maana kuta zetu ni nyembamba.

Marlys, mke wake, ni nesi wa simu. Wagonjwa humpigia, naye huwaelekeza la kufanya mpaka wafike hospitali. Dwight huchora ramani za nyumba kwenye kompyuta. Walipouza nyumba yao mjini Duluth ili waishi safarini moja kwa moja, Dwight aling'oa meza ya kulia, akatengeneza meza moja ndefu ya kazi ya watu wawili. Kambi nzima tulisikia akijisifu.

"Kila mtu na nusu yake, sawa kwa sawa," alituambia.

Nusu ya Marlys aliiweka kwenye ubavu wa gari, ule unaosukumwa nje kwa kitufe mkishaegesha ili chumba kipanuke, na kurudishwa ndani kabla ya kuondoka. Bwana wa ramani alipima ubavu ukiwa nje. Siku ya safari ya kwanza alibonyeza kitufe, ubavu ukaingia, kiti cha Marlys kikabanwa kwenye makabati ya jikoni mpaka kikavunjika. Nusu ya Dwight, nyuma ya kiti cha dereva, haikuguswa.

"Si neno," alisema. "Siku za safari utakaa mbele, kompyuta mapajani."

Akufukuzaye hakwambii toka.

Marlys akakaa mbele. Kwenye makorongo mtandao ukapotea, na simu ya mama mmoja mwenye mtoto wa degedege ikakatika. Mpaka leo Marlys hajui mtoto yule aliishia wapi. Msimamizi wake akamwonya: ikikatika nyingine, kazi hana. Nililia naye, kisha nikaenda kumpasha Dwight.

Akacheka. "Jirani, una makelele wewe. Si aache tu? Yangu inatutosha."

Miaka thelathini ya unesi, eti aache tu.

Jumatatu moja Dwight akaamka na hamu ya milima. Alichomoa mabomba ya maji yaliyounganisha gari na kambi, akafunga droo zote. Nilikuwa mlangoni kwao nikirudisha sufuria. Marlys alikuwa ameketi kwenye kiti kipya ndani ya ubavu, vipokea sauti masikioni, zamu ndiyo kwanza imeanza.

"Inuka, mama, naingiza ubavu."

"Niko kazini mpaka saa tisa."

"Nafasi yetu kule itachukuliwa."

"Bonyeza basi."

Kidole cha Dwight kilikuwa juu ya kitufe. Alinitazama mimi, kama vile ningemtetea. Marlys hata hakugeuza shingo.

"Usinifanyie hivyo, Marlys. Gari haliwezi kuondoka ukiwa umekaa hapo."

"Najua. Wewe ndiye uliyepima."

Simu ikaita. "Nesi Marlys hapa," alisema kwa sauti ya upole ambayo sisi wengine hatukusemeshwa nayo asubuhi ile. "Nieleze, mama. Mtoto ana umri gani?"

Dwight akashuka kwenda kurudisha mabomba, akapiga magoti mchangani. Alipita mtu akamuuliza wanaondoka saa ngapi.

"Muulize mke wangu," akasema.