Tundu Kwenye Picha ya Gurudumu

Mtandaoni kuna watu wanaopenda kuweka picha za zamani za ile bustani ya michezo ya ufukweni, kule Dar es Salaam. Gurudumu kubwa la kupandisha watu, treni ya watoto, bahari kwa nyuma. Chini yake wanaandika "zilipendwa" na kutaniana. Mimi huzikuza kwa vidole mpaka zinakuwa ukungu mtupu, namtafuta mama yangu kwenye umati. Sijampata. Hasira ikinishika naiweka simu kifudifudi, kesho yake narudia.

Mama alipigwa picha mara moja tu maishani, na ni pale. Baba alikuwa dereva wa lori, tukiishi Ilomba, Mbeya, na likizo moja alitupeleka tukaone bahari. Mama aligoma kupanda gurudumu. Alisema ana mtoto mchanga na akili zake bado anazo. Akakaa kwenye benchi chini ya gurudumu, mdogo wangu mapajani, mimi pembeni na bisi zangu, mpiga picha wa pale akatupiga.

Haukupita mwaka, homa ikamchukua. Tulimsafirisha tukamzike kijijini kwa baba, nje kidogo ya Iringa. Kwetu msalaba wa kaburi huwekwa picha ndogo ya marehemu chini ya kioo, ili anayepita amjue. Baba mdogo, mtu wa haraka siku zote, akaomba picha, akapewa ile. Akachukua mkasi, akakata kichwa cha mama pamoja na kipande cha gurudumu nyuma yake, akampelekea seremala. Hakuna aliyemzuia. Wengine wote walikuwa wanalia. Mpaka leo nikikutana naye namwamkia kwa adabu zote, lakini moyoni bado nina kinyongo.

Kilichobaki kiliwekwa kwenye albamu: mtoto mapajani mwa mwanamke mwenye tundu juu ya mabega. Mdogo wangu amekua akilitazama tundu lile. Nimemweleza sana habari za mama, mwanya wake, alivyokunja uso akicheka. Ananisikiliza kwa heshima, kama anayesimuliwa habari za jirani aliyehama. Inaniuma.

Kaburini nako hakukuwa na msaada. Tangu tupate akili, kioo kilikuwa kimeota ukungu, na kwetu hubandui kitu kwenye kaburi mpaka ukoo ukae. Mwaka huu ukoo ulikaa, ukaamua kumjengea mama kaburi la saruji na vigae. Msalaba wa mti ungeng'olewa. Mdogo wangu, mwenye mimba ya kwanza, akanipigia simu akasema anaitaka ile picha kabla haijatupwa. Alitaka mtoto wake akizaliwa, ajue kafanana na nani.

Tulifika kijijini asubuhi, baridi kali na manyunyu. Albamu ilikuwa kwenye mkoba wake, ameifunga kwa kanga. Baada ya sala fundi aling'oa msalaba, na baba mdogo mwenyewe akakaa chini kukibandua kioo kwa kisu. Safari hii alikwenda polepole. Alipomaliza alimkabidhi mdogo wangu kile kipande bila kututazama usoni.

Maji yalikuwa yameingia, mvua za miaka yote hiyo. Sura ilikuwa imefutika kabisa, nyeupe kama unga wa sembe. Rangi ilibaki pembezoni tu, anga kidogo na vyuma vya gurudumu.

Mdogo wangu hakulia. Alikaa kwenye tofali, akafungua albamu juu ya magoti, akakiweka kipande mahali pake. Kiliingia sawasawa. Vyuma vikaungana, gurudumu likawa zima, bahari ikawa nzima, na mtoto yuko mapajani kama alivyokuwa. Mama peke yake ndiye hakuwepo. Nilitamani kuondoka, lakini alinishika mkono.

"Dada, hapa alikuwa anaangalia wapi?"

"Alikuwa anakuangalia wewe," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akafunga albamu, akaizungushia kanga yake. Alinishukuru. Ukweli ni kwamba sijui mama alikuwa anaangalia wapi. Siku ile nilikuwa nimeinua shingo, nalikodolea macho lile gurudumu.