Chaki kwenye Mipira ya Mdogo Wangu

Majina sitaji, lakini watu nitawataja, na wenyewe wakisomewa watajijua.

Miye ni dereva wa pikapu ya samaki, kutoka diko la Tumbe, wavuvi wanakoshusha samaki, mpaka soko la Konde, tangu ndevu zangu hazijaingia mvi. Shule niliachia darasa la tatu. Baba alinitoa nikachume karafuu, kwa sababu mke wake mdogo kajifungua mtoto wa kiume na nyumba ikataka mikono. Mtoto huyo ndiye mdogo wangu, baba mmoja, mama mbalimbali. Yeye alisomeshwa mpaka kidato cha nne. Baba akienda naye shamba alimpakia mbele kwenye bomba la baiskeli, na miye nyuma kwa miguu, pakacha kichwani. Watu huniambia hayo yamepita, sahau. Wasahau wao.

Miaka mitatu nyuma nilinusurika. Ile kona ya kuteremka kabla hujafika Konde, mvua imetoka kunyesha, nina matenga ya samaki nyuma na wachuuzi wawili juu yake. Nilikata sukani, gari haikukata. Magurudumu nayaona yamegeuka, lakini pua ya gari inakwenda mbele tu, kama nazungusha kifuniko cha sufuria. Tukaupiga mkarafuu. Mchuuzi mmoja alivunjika mkono, na mguu wangu wa kushoto tangu hapo ni mfupi kuliko wa kulia.

Aliyenivunja namjua. Ni tajiri mwenye gari, niliyemwambia si mara moja wala mbili kwamba mipira ya mbele imekwisha, naye akijibu, "Bado ina roho hiyo." Wa pili ni fundi wake, aliyetia mpira mpya upande mmoja tu, pale ulipopasuka, wa pili akauacha mkuukuu, akaipanga kwa jicho, magurudumu ya mbele yakabaki yanatazamana kama wake wenza. Wote wawili walikuja hospitali na machungwa. Machungwa nilikula. Kusamehe, bado.

Nilipotoka nikakuta tajiri kanunua pikapu ya pili, aina ile ile, na aliyekaa kwenye sukani ni mdogo wangu. Miye nikarudishiwa ile ya zamani, imenyooshwa na kupakwa rangi.

Hapo ndipo kijicho kilipoota mizizi. Kila siku tulifuatana njiani, yeye mbele, miye nyuma, na kila siku nilimwona anavyoiingia kona ile. Anapunguza mapema, anakata sukani kidogo tu, na gari inapita. Miye nikiingia nakata mpaka mwisho, mipira ya mbele inalia kama paka kakanyagwa mkia, na gari inanivuta upande wa pili. Tukifika Konde, samaki wake wamelala walivyopangwa. Wangu wamechanganyika kama kachumbari. Wachuuzi wa Tumbe wakaanza kuniambia bila haya kwamba wanasubiri gari ya mdogo.

Aliwahi kuniambia, kwa adabu zake zile, "Kaka, breki maliza kabla ya kona. Ukishaingia umechelewa." Nikamwambia nilikuwa naendesha gari wakati yeye anakojoa kitandani. Akacheka. Alipocheka nikamchukia zaidi, kwa kuwa hakukasirika.

Wiki moja kabla ya Ramadhani tajiri akatwita. Alisema biashara imepungua, gari ya zamani ataiuza, na dereva atabaki mmoja. Hataki maneno ya upendeleo, kwa hiyo atatia mipira mipya kwenye gari zote mbili, ya aina moja, siku moja. Siku ya pili ya Idi ataitazama mipira hiyo imelika vipi, kisha atatutazama uwanjani. Uwanjani maana yake ni mchezo ambao vijana wa Konde waliuona kwenye simu zao. Wanapanga madumu ya maji katika uwanja wa mpira, na dereva anayazunguka moja baada ya moja, mbio, asiliguse hata moja. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa na mguu mmoja mfupi. Kazi nyingine sikuwa naijua.

Ilipofika kumi la pili la Ramadhani, mipira yangu ya mbele imeanza kulika kingo, ubavuni kumepukutika unga mweusi. Ya mdogo wangu imelika sawasawa, huoni kasoro. Upepo miye nilitia kidogo, na nilikuwa na sababu: gari inakuwa laini kwenye mashimo, samaki hawapondeki, na madereva wa zamani wote walitufundisha kwamba mpira laini unashika. Kwa hiyo nikajiuliza, huyu siri yake kaipata wapi?

Jibu nikaliona alasiri moja dikoni. Mdogo wangu kachuchumaa mbele ya gari yake, mkononi ana kipande cha chaki, anapiga mistari kwenye mpira, kutoka sehemu inayokanyaga mpaka ubavuni. Mistari mitatu mpira huu, mitatu mpira ule, mpaka magurudumu yote manne. Alikuwa kimya, midomo inachezacheza. Mtu aliyezaliwa kisiwa hiki akiona mistari kama ile haulizi mara mbili: ni uganga.

Usiku ule baada ya tarawehe nilimweleza muuza kahawa wa Konde, na huyu naye namtaja, kwa sababu ndiye aliyenipa moyo. Aliweka buli chini akaniuliza mistari mingapi. Nikamwambia mitatu mitatu.

"Basi, yakhe, usiniulize miye," akasema. "Kitu kilichoandikwa kinafutika kwa maji. Ila usifute ukiwa na udhu."

Ningemwendea shehe angenifukuza na upuuzi wangu, na ingekuwa heri. Sikumwendea. Kesho yake tulifika Konde adhana ya magharibi inakaribia. Mdogo wangu aliegesha penye msikiti kama kawaida yake, nyuma ya gari imeelekea baraza ya watu, akafuturu tende mbili akaingia kuswali. Miye nikabaki nje. Nilichukua kitambaa cha kupangusia vioo, nikakitia maji, nikafuta mipira ya mbele. Ya nyuma sikuweza, watu walikuwa wanaitazama. Sala yangu ikanipita kwa ajili ya hilo.

Siku iliyofuata akachora tena. Nikafuta tena. Siku ya tatu nilimwona, baada ya sala, amepiga magoti anautazama mpira wa mbele kwa mshangao, anapapasa ubavu wake. Kisha akatoa pampu ya mguu nyuma ya kiti, akapiga upepo. Nikasema moyoni, dawa imetoka, anahangaika. Nikalala vizuri. Nikawa nafuta kila jioni, naye kila jioni anaongeza upepo mbele, mpaka mwezi ukaandama.

Siku ya pili ya Idi uwanja ulijaa watu na nguo mpya. Tajiri alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai. Kwanza aliinama akaitazama mipira, akiipitishia kidole. Yangu aliisikitikia. "Hii umeitafuna," akasema. Ya mdogo wangu aliisifu mbele ya watu, akaniangalia miye kama mtu anayeniaga. Uwanja tu ndio uliobaki.

Nilianza miye. Sitajisifu, ilikuwa hofu. Tangu mkarafuu ule siwezi kuingia kona bila kuona pua ya gari inakwenda mbele peke yake. Kwa hiyo kila dumu nilifunga breki kabla, nikazunguka polepole kama bibi anayetafuta kiatu. Watu walinizomea. Kijana mmoja akauliza kama nimepakia mayai. Lakini sikuligusa dumu.

Kisha akaingia yeye. Dumu la kwanza alilipita vizuri. La pili gari ikachelewa kidogo kugeuka. La tatu alilijia kama anavyoijia kona siku zote, akapunguza, akakata sukani, na nikaona kitu ninachokijua kuliko mtu yeyote pale. Magurudumu yamegeuka na gari haikugeuka. Iliteleza pua mbele juu ya nyasi, ikasomba madumu matatu, ikakata kamba iliyozuia watazamaji, watu wakakimbia wakiacha viatu, ikasimama hatua chache na turubai. Hakuumia mtu.

Tajiri alisimama. Akasema, "Gari mpya inanitafutia maiti siku ya Idi. Atabaki huyu mwenye mayai."

Jioni mdogo wangu alikuja nyumbani na funguo za gari mpya. Alikaa kwenye kizingiti, akaniamkia, akaniuliza hali ya mguu. Halafu akaanza kunieleza ile chaki, bila kuombwa, kama mtu anayekabidhi kazi. Unapiga mstari mpaka ubavuni, alisema, unaendesha, kisha unatazama imefutika mpaka wapi. Ikifutika mpaka ubavuni, mpira unalala kwenye kona, unakula kingo, ongeza upepo. Ikibaki kwenye kingo, upepo umezidi, mpira unakanyaga kati tu na haushiki. Aliyasoma kwenye simu, akayajaribu, yakawa kweli.

"Mwisho wa mwezi nikawa naikuta imefutika yote," akasema. "Naongeza upepo, kesho imefutika yote. Mpaka mpira ukawa kama jiwe."

Nilimwambia pengine ni umande.

"Pengine," akasema. Akatazama mikono yake. "Ila kaka, huo umande mbona wa mbele tu?"

Hakungoja nimjibu. Aliweka funguo juu ya mkeka, akauliza kama shemeji yake kasaza uji, akanywa, akaenda zake.

Sasa ni mwaka na ushei. Gari ninayo, mipira ya mbele imelika sawasawa, na kona ile naipita samaki wamelala. Yeye anaendesha gari ya abiria ya mtu mwingine, Konde na Wete, na nasikia wazee huichagua yake kwa utulivu. Nilingoja amwambie tajiri. Nilingoja amwambie mama yake, aje anitukane mlangoni, nami nipate la kusema, maana la kumwambia yule mama ninalo tangu darasa la tatu. Tukikutana njiani ananiwashia taa na kuinua mkono. Hakumwambia mtu. Hata hilo kanishinda.