Chakula Kisichosubiri Mtu

Rojo la unga, mayai na maziwa liko tayari kwenye bakuli. Soseji nimeshazipanga kwenye kibati chenye mafuta. Mume wangu amepiga simu, yuko Tinde, hapo jirani tu, basi linashusha abiria, na mimi bado sijaiwasha mashine. Binti yangu, aliyeninunulia hii mashine ya kukaangia kwa hewa ya moto, hii ambayo wauzaji wa mjini wanaiita eya fraya, ananitazama kama mtu aliyemnunulia kipofu kioo. "Mama, washa basi, baba akifika akute tayari." Namwambia bado. Ameguna, ametoka kwenda kuanua nguo, na mimi nimebaki jikoni kwangu hapa Kambarage. Wewe tunajuana, hutaniona mwehu, ngoja nikueleze.

Tulipokuwa wadogo kule Runzewe, Jumamosi kwetu ilikuwa na harufu yake. Mama yangu aliwahi kumpikia mama mmoja wa Kiingereza, ambaye mumewe alikuja upande wa Geita kupima miamba. Walipoondoka walimwachia trei la chuma, zito na jeusi, na ujuzi wa kupika soseji zilizozama kwenye rojo la unga. Wenyewe Waingereza wana jina lao la chakula hicho, la chura aliye shimoni. Mama alilijua, lakini hakulitamka nyumbani kwetu hata siku moja, kwa sababu mwenye nyumba mwenyewe alikuwa anashinda shimoni. Baba alikuwa mchimbaji mdogo. Yeye na wenzake walikuwa na duara lao, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, wakishuka kwa kamba asubuhi na kutoka wakiwa weupe kwa vumbi. Wiki nzima alilala machimboni, na Jumamosi jioni alirudi nyumbani kwa baiskeli.

Basi Jumamosi nilitumwa dukani kwa mzee wa Kiswahili aliyekuja kutoka pwani, ndiye pekee mtaani kwetu aliyekuwa na friji, nikachukue soseji za ng'ombe. Nikirudi napitia maziwa kwa jirani. Kisha napiga rojo kwa uma mpaka mkono unauma, na mama anakagua kama lina madonge. Jiko la umeme hatukuwa nalo. Mama alichukua sufuria kubwa, akaweka mchanga chini, akalitia trei humo, akafunika kwa bati na kupanga makaa juu ya bati na chini ya sufuria. Mafuta yakianza kutoa moshi alifunua, akamimina rojo, likalia chaa! kisha akafunika upesi. Baada ya hapo, hakuna kuchungulia. Ukichungulia majivu yanaingia, na rojo linaanguka.

Na hapo ndipo penye tabu yenyewe. Rojo hilo likiiva linavimba mpaka linapita kingo za trei, linakuwa la kahawia, soseji zinachungulia tu. Linapendeza kweli. Lakini halikai. Ukilitoa kwenye moto ukalisubirisha, linaanza kushuka mbele ya macho yako, na likishashuka linakuwa gumu kama soli ya kandambili. Ugali unaufunika, maharage unayapasha. Hiki hakina namna, mtu awe amefika au hajafika.

Bibi, mama yake baba, hakukipenda kabisa. Alikuwa Msukuma wa kizamani, Mkatoliki wa rozari shingoni, na alikuwa na maneno. "Ng'wanone," alimwambia mama, yaani mwanangu, "pika chakula kinachomsubiri mtu. Hiki kinatutia presha bure."

Mama alikuwa anapepea makaa bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana nakipika, mama. Akijua hakisubiri, atawahi."

Ndivyo Jumamosi zetu zilivyokuwa, kazi yetu kubwa ilikuwa kusikiliza. Baiskeli ya baba ilikuwa na keria iliyolegea, na ikipita kwenye mawe karibu na mashine ya kusaga ililia kacha-kacha, kacha-kacha, hakuna nyingine mtaani iliyolia hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa na masikio. Nikiisikia napiga kelele, "Amekuja!" na mama anafunua bati. Baba anaegesha baiskeli, ananawa, anamwendea bibi. "Shikamoo, mama. Umeniombea au umenisema?" Bibi anajibu, "Marahaba. Vyote."

Lakini zilikuwepo Jumamosi ambazo kacha-kacha haikusikika mapema. Trei haliwezi kukaa motoni milele, litaungua, kwa hiyo mama alilitoa akaliweka juu ya kigoda katikati ya uwanja, nasi tukakaa kulizunguka, tunaliangalia likishuka. Bibi alivua rozari. Niliogopa sana, nakwambia, na sikuwahi kumwambia mtu, maana niliona mama naye anaogopa na nilidhani nikisema ndipo litakapokuwa kweli. Halafu baba anatokea, taa ya baiskeli imekufa, au mnyororo umekatika, anakula lile gumu na kulisifia. Tulicheka sana siku hizo, tulicheka mpaka vichekesho visivyochekesha.

Wiki moja ya masika ilinyesha mvua usiku na mchana. Maji yalisimama uwanjani, na watu wakikutana dukani waliulizana habari za machimboni kwa sauti ya chini. Jumamosi ilipofika mvua ikakatika. Bibi alimwambia mama asipike leo, asubiri kwanza. Mama akamimina rojo. Nakumbuka nilivyokaa pembeni ya jiko nikisikia makaa yakipasuka, nikitamani masikio yangu yafike mpaka kule barabarani.

Ndipo nikaisikia. Kacha-kacha, kacha-kacha. Polepole, lakini ni yenyewe. Nikaruka, nikapiga kelele, "Amekuja! Baba amekuja!" Mama akafunua bati, na sijawahi kuliona rojo lililopanda namna ile. Lilikuwa limesimama juu ya trei, la dhahabu pande zote. Mama alilitoa akaliweka juu ya kigoda, akicheka peke yake.

Baiskeli ikaingia uwanjani ikisukumwa kwa mkono. Aliyeisukuma alikuwa mwenzake baba, mmoja wa watu wa duara lile, ana udongo mpaka kwenye nywele. Aliiegemeza ukutani taratibu, pale pale baba alipozoea kuiegesha. Kisha akavua kofia akamwamkia bibi, "Shikamoo, mama." Bibi hakuitikia. Duara lilikuwa limeporomoka alfajiri, na baba alikuwa ndani.

Watu walijaa, kilio kikasikika mpaka mtaa wa pili. Lile trei hakuna aliyelikumbuka. Lilibaki juu ya kigoda likishuka lenyewe, na sisi watoto tulilitazama lile kwa sababu hatukuweza kumtazama mama. Baadaye trei likawa la kunyweshea kuku. Mama hakupika tena chakula kile, na hakuna aliyemwuliza.

Nilipita Runzewe hivi karibuni. Mashine ya kusaga haipo, yale mawe yamefunikwa na lami, kote ni pikipiki, na pikipiki zote zinalia sauti moja. Huwezi tena kumjua mtu wako kwa masikio. Utashangaa, lakini nautamani mpaka ule woga, kwa sababu ulikuwa na upande wake wa pili, ile furaha ya kusikia keria inalia. Sasa mume wangu naye kazi yake ni chini ya ardhi, mgodini upande wa Geita, sikupanga iwe hivyo, na akishuka simu yake haipatikani. Nakaa na simu mkononi kama bibi na rozari yake.

Geti linalia. Ni bodaboda, halafu viatu vizito barazani, halafu sauti yake. Anaingia jikoni ananusa, anaona bakuli.

"Mama watoto, hujapika? Si nilikwambia niko Tinde?"

"Tinde siyo nyumbani," namwambia. "Vua viatu, nawa, kaa pale ninapokuona."

Anakaa, ananung'unika. Naingiza kibati, nawasha mashine mpaka mafuta yatoe moshi, navuta droo, namimina rojo. Chaa! Narudisha droo upesi. Mashine inavuma, na kwa mvumo wake sisikii tena kitu chochote cha nje, wala sina mtu wa kumsikiliza huko.

"Njaa inaniua," anasema.

"Subiri," namwambia, na machozi yananitoka. "Subiri kidogo. Leo wewe ndiye wa kusubiri."