Kichwa cha Kuyu

Mtunza samaki wa makumbusho alijiona yeye ndiye yeye. Ukimwonyesha samaki wa mtoni, hakusema "kuyu" kama watu wengine. Alikohoa kwanza, akahesabu magamba ya ubavuni, akavuta sharubu za samaki huyo moja moja, kisha akakukumbusha kwamba kuyu hana meno mdomoni, meno yake yako kooni. Wauza samaki walimwita Sharubu, naye, masikini, alidhani wanamheshimu.

Hamu yake maishani ilikuwa moja: samaki, hata awe wa kidole, aitwe kwa jina lake. Siku moja akaletewa kuyu mnene mwenye midomo iliyobinuka. Akamchungulia kooni kwa tochi, akaapa ameona safu nne za meno, wakati kuyu wote aliowajua wana tatu: basi huyu ni aina mpya, bado haina jina. Papo hapo akampigia simu mtaalamu mkuu aje kesho yake ajionee.

Meno hayo hutolewa kwa kuchemsha kichwa mpaka nyama iachie mfupa. Jiko la ofisini lilikuwa limekufa, basi akachemshia nyumbani. Mama mkwe wake, aliyekuja kuwatembelea, akamuuliza anapika nini.

"Kichwa tu, mama."

Aliogopa kumwaga mtama penye kuku wengi, tena aliamini utaalamu haujadiliwi jikoni. Akatoka kwenda kununua spiriti ya kuhifadhia meno ya kuyu. Kweli mkamia maji hayanywi.

Aliporudi, sufuria ilikuwa imeshaoshwa, na mama mkwe anajifuta vidole. Mifupa ilikuwa imeondoka na paka wa jirani. Angekuwa mkewe ndiye aliyekula, pangechimbika. Lakini mkwe ni mkwe, akameza hasira yake pale pale mlangoni.

Asubuhi mtaalamu akafika, akageuza kiwiliwili kisicho na kichwa.

"Meno yako wapi?"

"Yameliwa."

"Na nani?"

"Na mama mkwe wangu."

Mtaalamu akaandika "kuyu" kwenye kibandiko, akaomba maji ya kunawa. Sharubu alitamani ardhi ipasuke.

Jioni alimkuta mama mkwe sebuleni akiongea kwenye simu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Alikuwa akimsifu, akilitaja jina lake kila baada ya pumzi, na kuuliza ni mkwe gani mwingine humpikia mama mkwe kwa mikono yake mwenyewe. Alipomwona akashusha simu, akamwambia kwa upole:

"Ila siku nyingine, baba, utie chumvi."