Usisimame Nyuma ya Mtoto

Siku ya kwanza niliingia Kitale na kalamu nyekundu mfukoni, najiona mwalimu kamili. Nilikuwa nimestaafu ualimu kwetu Bungoma, nikajitolea kufundisha kila Jumatano katika nyumba salama, yaani makao ya wasichana waliodhulumiwa na watu wa kwao wenyewe. Ukungu wa Mlima Elgon ulikuwa umeshuka hadi kwenye mahindi. Nikiikumbuka asubuhi ile, naona kama niliiota.

Niliwapa hesabu, kisha nikafanya tulivyofunzwa chuoni: unapita kati ya madawati, unasimama nyuma ya mtoto, unainama begani kwake kusahihisha. Nilipofika kwa Naliaka, msichana mrefu mwenye sauti ndogo, kiti kilianguka, naye huyo, mbio hadi jikoni! Tangu siku hiyo hakukanyaga darasani.

Matroni, mkuu wa nyumba ile, aliniita kando. "Mwalimu, si ungeniuliza kwanza? Hapa hatusimami nyuma ya mtoto. Na mlango haufungwi, hata mvua inyeshe."

"Sasa nitasahihisha vipi?"

"Keti chini, bana. Watakuletea." Halafu akapunguza sauti. "Huyu Naliaka anataka kurudi shule muhula ujao. Kama hawezi kukaa na mwalimu chumba kimoja, ataendaje?"

Swali hilo lilinikosesha raha. Nikanunua kigoda, nikawa mfupi kuliko wanafunzi wangu, wakanicheka wee! Baada ya kila somo nilikwenda jikoni kupukuchua mahindi na Naliaka, tukitazamana, ungo katikati. Sikumuuliza yaliyompata. Hiyo ni kazi ya mshauri nasaha, aliyesomea kusikiliza maumivu. Mimi nilisomea hesabu. Nilimsimulia tu visa vya ng'ombe wangu mkaidi. Moshi ulipanda taratibu, punje zikadondoka, na saa zikapita kama usingizi wa mchana. Siku moja alicheka. Nilijifanya sikusikia, maana machozi yalikuwa karibu.

Nikiondoka nilisema neno moja tu: "Jumatano nitakuja." Matroni alikuwa amenionya kwamba watoto hawa wameahidiwa mengi yasiyotimizwa.

Baadaye Mratibu wa walimu wa kujitolea alinihamishia makao ya Bungoma. "Mama, Kitale ni mbali kwa umri wako," alisema.

"Bungoma nitafundisha," nikamjibu, "lakini Jumatano mniachie ya Kitale."

Basi Jumatano moja mvua ilikata barabara. Nilishuka garini katikati ya safari, nikatembea kwenye matope, viatu mkononi. Nilifika wasichana wakila chakula cha mchana. Nilikuwa nimelowa, nimekasirika, nikijua somo limekwisha.

Matroni akanielekeza darasani kwa kidevu.

Naliaka alikuwa ameketi peke yake karibu na mlango, kitabu wazi, penseli imechongwa. Akanitazama kwa ukali.

"Mwalimu, umechelewa! Ati kila Jumatano unakuja. Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi."

"Pole, mwanangu."

"Haya, anza basi."

Siku hizi magoti yamegoma, nami nimestaafu mara ya pili. Walimu vijana huniuliza watajuaje kwamba mtoto wa aina hiyo amewaamini. Wanatarajia niseme atawashukuru, au atawasimulia siri zake. Wapi! Wakuu wangu walinisifu miaka mingi, na sifa zao nimezisahau. Naliaka alinigombeza mara moja, mtu mzima mimi, bila kuogopa nitamfanya nini, na furaha ile haijanitoka mpaka leo.