Mtu wa Kumi na Mbili Kwenye Picha

Jumapili, tarehe 13 Julai. Baridi kali tangu asubuhi, upepo wa vumbi. Jua lilitoka kama saa tano lakini halikumpasha mtu joto.

Leo ilikuwa fainali ya mtaa wetu. Naandika sasa hivi, kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Shule niliishia mwaka wa pili wa sekondari, lakini kwenye komite ya mpira mimi ndiye katibu, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Mwezi uliopita komite iliamua mambo mawili. La kwanza, niandike nusu ukurasa juu ya asili ya mpira, isomwe kwa mikro, yaani kipaza sauti, kabla ya fainali. La pili, mukwe wangu, yaani baba ya mke wangu, ndiye apige mpira wa kwanza katikati ya uwanja. Sababu ni hii: toka zamani mukwe anasema baba yake, aliyeletwa kutoka Kasai kwa kazi ya mgodi, alicheza katika timu ya kwanza ya weusi hapa Likasi, tena alikuwa gardien, mlinda lango. Mukwe amepita miaka sabini. Hajawahi kuitwa mbele ya watu kwa jambo lolote. Alipoambiwa habari hiyo alipeleka viatu vyake kwa fundi vikashonwa, na kila asubuhi alikuwa anapiga chupa tupu uani, ili siku yenyewe asije akaanguka.

Nusu ukurasa yangu niliitoa kwenye kitabu cha padri mmoja na kwenye telefone ya binti yangu. Niliandika kwamba kupiga mpira watu walipiga tangu zamani, kila mahali kwa namna yake, lakini Waingereza ndio waliouwekea sheria. Kila shule yao ilikuwa na yake: hapa kushika kwa mkono ruksa, pale mwiko. Basi wakubwa wa timu wakakutana kwenye kabare, nyumba ya pombe, wakaandika sheria moja. Palikuwa na ugomvi. Wengine walitaka iruhusiwe kumpiga mwenzako mateke ya muundi, wakasema ukiondoa hayo unabaki na mchezo wa waoga. Walishindwa, wakaenda zao. Halafu mpira ukapanda meli na treni pamoja na mabaharia, makarani, mafundi na mapadri, ukafika kila penye bandari, reli au shimo la madini. Kwetu ulikuja na shaba.

Prezida wa komite, mtu wa kanisa sana, aliniambia nifute kabare. Nilikataa. Nikasema kama ni kweli ni kweli. Nilijisikia vizuri sana kusema vile, na labda ndiyo mwanzo wa ubaya wote.

Alhamisi mukwe alileta picha ya timu ile ya kwanza mbele ya komite. Ilipita mkono kwa mkono, watu wakapiga miluzi ya kushangaa. Prezida akanipa mimi. "Katibu, andika ku mugongo ya picha. Huyu njo nani, ule njo nani."

Ni wanaume wenye jezi za mistari, wengine wamesimama, wengine wamechuchumaa, wote miguu mitupu. Pembeni, baba ya mukwe. Yeye amevaa viatu na shati ya kawaida, na juu ya mkono wake limekunjwa koti kubwa la Kizungu ambalo haliwezi kuwa lake.

"Tata njo huyu," mukwe alisema. "Iko na viatu sababu alikuwaka mukubwa yabo."

Nilihesabu kimya. Kisha nikasema: "Wenye jezi ni kumi na moja. Huyu ni wa kumi na mbili."

Lazima niandike kwamba hakuna mtu aliyeniuliza hesabu. Niliambiwa niandike majina tu.

Mukwe aliniangalia. "Hesabu tena, mukwe. Weye ulisoma."

Nikahesabu tena, kwa sauti, kidole juu ya kila kichwa. Kumi na moja. Gardien alikuwemo, ameshika mpira kifuani, miguu mitupu kama wenzake.

Prezida alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe! Tata yako alikuwaka tu boy wa makoti." Wengine nao wakacheka. Mukwe alikuwa anarudisha picha kwenye bahasha, nayo haikutaka kuingia. Ikapigwa kura palepale: mpira wa kwanza atapiga mfanyabiashara aliyetoa jezi. Mimi sikupiga kura, niliona si haki katika jambo la mukwe wangu. Niliandika matokeo.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia.

"Si ungesema haukuvaa lunettes?"

"Nilikuwa nimevaa miwani yangu."

"Njo vile uko," akasema. "Unaogopa kumudanganya prezida, ila tata yangu unamuvua nguo."

Leo hakuna aliyemtazamia mukwe, lakini alikuja, na viatu vyake vimepakwa rangi. Alisimama kando ya mstari, usawa wa katikati. Nadhani alifikiri wangebadilisha mawazo wakimwona. Nilisoma nusu ukurasa yangu. Mfanyabiashara alipiga mpira, akateleza kidogo, watu wakashangilia.

Kabla ya filimbi, gardien wa timu ya upande wa chini wa mtaa alivua koti lake la baridi akampa mukwe. "Tata, unishikiye." Niwe wa haki: huyo sidhani alijua kitu. Mukwe ndiye aliyekuwa karibu. Lakini wa pili alijua habari ya picha.

"Na ya kwangu, tata. Kazi ya kwenu isipotee."

Wa tatu, wa nne. Uwanja mzima ulikuwa unacheka. Watazamaji nao wakaanza kuvua, katika baridi ile, ili tu wapate kumwekea. Mikono ikajaa, wakayatandika mabegani mwake. Wa mwisho alikuja prezida mwenyewe, akaweka lake juu ya yote, akalinyoosha kola. "Hii ni ya Muzungu. Usiikunje."

Mukwe hakuangusha hata moja. Alisimama hivyo dakika tisini. Mimi nilikuwa kwenye meza, hatua sita kutoka kwake, na mikro mbele yangu.

Kama dakika ya sabini nilifikiri jambo ambalo Alhamisi halikunijia. Labda yule wa kumi na mbili alikuwa wa akiba. Leo anashika koti, Jumapili nyingine mwenzake anaugua, yeye anavua viatu anaingia langoni. Inawezekana. Picha ni siku moja tu. Nilitazama mikro. Nikajiambia watu watasema namtetea kwa sababu ni mukwe. Sikusema.

Baada ya mechi alirudisha makoti, moja moja, kila moja kwa mwenyewe, hakukosea. "Kamata, mutoto yangu." La prezida alilipangusa vumbi kwanza.

Alipita kwetu kupumzika. Mlangoni aliniambia neno moja tu: "Ulisoma muzuri ku mikro, mukwe."

Kwetu mtu hali sahani moja na baba ya mke wake, kwa hiyo yeye aliandaliwa sebuleni, mimi uani karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Tulikula bukari, yaani ugali, na matembele. Samaki wa ziwa Tshangalele alikuwepo mmoja, mke wangu akampa baba yake. Alimrudisha mzima, akasema hasikii njaa, nipewe mimi. Nilimla.